Kisimani hadi Kua kwa Baiskeli, na Msiba Usiokuwapo

Tangu nirudi Kivinje hakuna anayeniuliza afya yangu. Kila nikikaa barazani naulizwa baiskeli. Ilifika salama? Ilipita mchangani? Ni kweli watu wa Mafia waliikimbia? Na wengine, wenye midomo mirefu, wananiuliza kwa kucheka kama ni kweli nilimuua shangazi yangu akiwa hai. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu akaondoka na kipande chake, kisha wakutane sokoni wabishane mimi nilisema nini. Basi leo nimeweka sindano chini niandike yote mara moja. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe, kisha mniache nishone.

Habari za chombo na ruhusa, na za kupanda na kushuka na chuma begani, naziruka. Aliyewahi kusafiri anazijua, na asiyewahi hazitamfaa kitu. Naanzia Kisimani, pembeni kabisa mwa Mafia upande wa machweo, nyumbani kwa Bi Mwanahawa, dada wa marehemu baba yangu, aliyenilea tangu sijui kunawa uso.

Kisimani

Kisimani ya leo ni nyumba chache na minazi. Mji wenyewe, ule wa zamani uliokuwa na msikiti wa mawe na watu wenye majina marefu, umeliwa na bahari. Maji yakitoka unaokota ufukweni vigae vya mabakuli yenye maua ya buluu, na watoto huvichezea. Upande wa pili wa Mafia, katika kisiwa cha Juani, kuna mji mwingine wa kale uitwao Kua. Huo nao umeliwa, ila na mizizi. Wazee wanasema miji hiyo miwili haikupendana hata siku moja.

Ukoo wetu nao ulijigawa vivyo hivyo. Shangazi Kisimani, na mdogo wake, Ami Shomari, Juani, karibu na magofu ya Kua. Hawakusemezana tangu mimi sijaota ndevu.

Ugomvi wao ulikuwa hivi. Mume wa shangazi alipofariki, katika kuchanganyikiwa kwa siku ile hakuna aliyetumwa Juani. Sasa, kwetu habari ya kifo haiachwi isafiri yenyewe mpaka imfikie ndugu. Hupelekwa na mtu wa nyumba, akabisha hodi, akakaa, akasema. Ami aliisikia kwa wauza samaki, akaona amedharauliwa, hakwenda kuzika. Shangazi husema, "Harusi ndiyo hualikwa, msiba huendewa." Ami husema, "Mimi si mpita njia hata niokote msiba wa dada yangu njiani." Ukimsikiliza huyu unaona ana haki, ukimsikiliza yule unaona ana haki, ndiyo maana ugomvi haukuisha.

Safari hii nilimkuta shangazi amepungua sana. Macho yamefifia, anamjua mtu kwa sauti, na kikombe anakipapasa kwanza kabla ya kukishika. Niliogopa, na sioni haya kusema. Katika watoto wa babu wamebaki wao wawili tu. Nilichotaka ni kitu kimoja: ami aje amwone dada yake kabla mmoja wao hajatangulia. Lakini ungemwambiaje mwanamke kama yule? Nikamwambia nataka kuiendesha baiskeli mpaka upande wa pili, nikaone Kua.

"Kua kuna nini? Kuta na popo."

"Natembea tu, shangazi."

"Haya, tembea." Akaendelea kupepeta mchele kwa mazoea, uso kautazamisha mlangoni. Baada ya kitambo akasema, "Ukipita kwa yule, tazama kama paa lake linavuja. Mkewe mpole, hawezi kuwasimamia waezekaji. Lakini usimwambie mimi nimesema."

Kando ya mto mpaka Ndagoni

Niliondoka asubuhi, umande haujakauka. Njia inatoka Kisimani na kufuata mto. Nauita mto kwa sababu wenyeji wanauita mto, na ole wako useme vingine. Wakati wa kiangazi mtu mwenye miguu mirefu anauruka. Lakini ni mzuri. Maji yake ni ya rangi ya chai ya rangi, mikoko imeuinamia, na njia ya pembeni ni udongo ulioshikana, laini, bila mawe. Sijawahi kuendesha mahali pa raha kama pale. Upepo ulikuwa mgongoni, nami nilijiona mwana wa mfalme.

Shida ilikuwa adabu. Mtu haamkii wazee akiwa juu ya kitu, iwe punda, iwe nini. Kwa hiyo kila nilipomwona mzee mbele nilishuka, nikaishika baiskeli pembe zake kama mtu ashikaye mbuzi, nikasema shikamoo, nikaulizwa habari za Kivinje, za kazi, za watoto nisio nao, kisha nikapanda tena. Na kule Mafia wazee ni wengi, Mwenyezi Mungu awazidishie umri. Kwa mwendo ule hata mtu wa miguu angenipita, na kweli mwanamke mmoja mwenye mzigo wa makuti kichwani alinipita, akanitazama kwa huruma.

Palipo na kichaka kizito, tawi liliniondolea kofia, likaitupa mtoni. Niliiona ikienda zake taratibu kuelekea baharini, na hariri yake yote niliyoidarizi kwa mkono wangu. Nikaendelea kichwa wazi.

Waliniambia Kisimani kwamba mbele ya Ndagoni njia inakata hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na hori lile halivukiki ila maji yakiwa yametoka. Nilivyopoteza wakati kwa maamkizi nikaona nitachelewa. Nilipofika Ndagoni nikasema moyoni, hapa sishuki. Nikakanyaga kwa nguvu.

Mzee Kombo alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake. Ni rafiki wa nyumba yetu tangu zamani, nami nilimjua kutoka mbali kwa kilemba chake. Alisimama, akanyoosha mikono.

"Karibu, baba! Karibu uji!"

"Ahsante, mzee, nimeharakishwa!"

"Bi Mwanahawa hajambo?"

"Nitakueleza nikirudi!"

Nikapita. Nyuma yangu nilisikia mtu akisema kitu kwa sauti ya chini, na mwanamke akajibu kwa sauti ya juu. Nikadhani wanaistaajabia baiskeli. Hori nililivuka maji yakiwa magotini, nikajisifu kwa akili zangu.

Kiegeani

Kabla ya kuingia Kiegeani mpira wa nyuma ulichomwa na mwiba, ukatoa pumzi yote kwa mara moja. Gundi niliyotoka nayo Kivinje ilikuwa imekauka ikawa jiwe. Nikaikokota baiskeli mpaka nyumba ya kwanza, ambayo ni ya mtu aitwaye Faki, mkulima na mvuvi, mwenye kicheko kinachosikika mpaka kwenye kisima cha kijiji.

Faki aliiangalia baiskeli, akaizunguka, akaubonyeza mpira kwa kidole.

"Ana kidonda," akasema.

"Ana kidonda, ndugu yangu. Na dawa sina."

"Dawa iko msituni. Lakini kwanza ule."

Nilitaka kukataa, akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Nikala. Pweza wa nazi, aliyepigwa mpaka akawa laini kama ini, na muhogo, na pilipili mbichi iliyosagwa na ndimu. Nilikula mpaka nikaona aibu, wakaniongezea. Ndipo Faki akaenda msituni akarudi na utomvu wa mmea wa mbungo, ule wanaougandisha ukawa mpira. Akaupaka juu ya tundu, akaweka kiraka cha ngozi ya papa, akakifunga kwa uzi wangu wa kushonea.

Niwe mkweli, kiraka kile hakikufaa. Tulikipaka, tukakingoja kikauke, tukatia upepo, ukatoka kwa sauti ya nyoka. Tukapaka tena. Majirani wakaja, kila mmoja na shauri lake. Mmoja alishauri tujaze mpira huo pamba. Saa zikaenda. Mwisho kikashika nusu nusu, yaani ukitia upepo ulikuwa na nafasi ya kufika mbali kidogo kabla hujashuka kutia mwingine. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa, nikalala kwa Faki.

Wakati mimi nala pweza na kusikiliza upepo ukinitoroka, ngalawa ya watu wa Ndagoni ilikuwa baharini, imezunguka pembe ya kisiwa, inakwenda Juani. Sikujua.

Utende hadi Juani

Asubuhi nilifika Utende, nikaiacha baiskeli kwa mama mmoja mwenye banda la kuanikia nazi, nikapata mtumbwi wa kunivusha. Maji yalikuwa yanatoka, na mwenye mtumbwi alinishusha mbali na Juani, nikatembea matopeni viatu mkononi. Njia ya kwenda kwa ami inapita ukingoni mwa Kua. Niliona zile kuta za mawe ya matumbawe, milango isiyo na nyumba, na mizizi imeshuka juu ya ukuta kama vidole juu ya goti. Nilijiambia nitarudi nizitazame vizuri. Sikurudi.

Maana kabla sijafika kwa ami nilisikia watu wanasoma Kurani. Baraza lake lilikuwa limejaa, wanawake wako uani, na kuna sufuria kubwa mekoni. Nikasimama njiani. Nikasema, nimechelewa, ami amekufa, na mimi ndiye nitakayerudi kumwambia shangazi.

Kisha Ami Shomari mwenyewe akatoka mlangoni, mzima, macho mekundu. Akanishika mikono yote miwili.

"Kakutuma wewe," akasema. "Safari hii nimetumiwa mtu wa nyumba."

"Shikamoo, ami..."

"Marahaba, baba. Usiseme. Wavuvi wa Ndagoni wamefika alfajiri, wamesema. Lakini mimi nikamwambia mke wangu, Tatu, sitaamini maneno ya wavuvi. Dada hataniacha nisikie njiani mara mbili. Atakuwa ameacha usia nitumiwe mtu. Na umekuja." Akalia, mzee yule, mbele za watu, bila kujificha. "Najua hawakunisubiri. Lakini nitakwenda. Nitatia hata konzi moja ya udongo juu yake."

Nilifungua kinywa. Mtu akanishika bega, "Pole, baba, usiseme." Nikafungua tena. Mwingine akaniletea maji ya kuosha miguu, "Pole." Bi Tatu, mke wa ami, akanikalisha jamvini, akaniwekea sinia mbele, akaniambia nisijitie nguvu, mfiwa hula. Hapo ndipo polepole, kama mtu anayeamka, nilipoelewa nani amekufa, na nani aliyemuua.

Mnajua desturi yetu. Mtu akiulizwa fulani hajambo, hata kama roho ya huyo fulani iko kooni, hujibu kwanza hajambo, kisha ndipo aeleze homa, kifua, na mengine. Mzee Kombo aliniuliza, nami nikampita kichwa wazi, mbio, nimekataa uji, nikamwambia nitaeleza nikirudi. Mtu mzima angeelewa nini? Nilikuwa nimeutangaza msiba kijiji kizima, na baiskeli yangu ikiwa tarishi.

Nawaambieni kweli, jamaa zangu, shetani alikaa nami jamvini pale. Akaninong'oneza: nyamaza. Ukinyamaza ami atapanda chombo, atafika Kisimani, atamkuta dada yake mlangoni, na mambo yatajimaliza. Ukisema, atakasirika, na ataketi hapa mpaka kweli siku moja iletwe. Lakini nilimtazama yule mzee. Alikuwa na huzuni, na ndani ya huzuni kulikuwa na furaha, kwa sababu amekumbukwa. Na hakuna aliyemkumbuka ila wavuvi. Sikuweza.

"Ami," nikasema, "shangazi hajambo."

Msomaji wa Kurani akaufunga msahafu. Kijiko kikaanguka uani.

"Hajambo vipi?"

"Hajambo. Nimemwacha anapepeta mchele. Ni mimi niliyepita Ndagoni bila kujibu."

Ami akasema Alhamdulillahi, akasema tena, akakaa chini. Watu wakaanza kucheka na kulia, wengine wakanishambulia kwa maneno ambayo nilistahili. Kisha ami akainua mkono wakanyamaza. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Basi wewe kakutuma nani?"

Pale ningeweza kupamba. Fundi nguo anajua kupamba. "Hakunituma," nikasema. "Alisema tu, nikipita kwako nitazame kama paa lako linavuja. Na akanikataza nisikwambie kwamba kasema."

Ami akatazama juu. Sote tukatazama juu, baraza zima. Makuti yalikuwa yamefunguka pahala, na mwanga ulishuka mpaka katikati ya jamvi.

"Linavuja," akasema Bi Tatu, kwa sauti ya mtu aliyeyasema hayo miaka yote.

"Haya," akasema ami, "nenda ukamwambie linavuja."

"Nenda wewe," akasema mkewe. Nilikuwa nimeambiwa huyu mama mpole. "Mchele umefungwa, ubani umefungwa, chombo kinangoja maji yajae, na watu wamekula kuku wangu kwa maiti asiyekuwapo. Ulikuwa tayari umwendee akiwa kaburini. Sasa yu mzima, huendi? Utawaambia nini hawa?"

Wale watu hawakuondoka. Walingoja tu, na kungoja kwao kulikuwa kuzito. Mwisho ami akainama, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda.

Kurudi, watu wawili juu ya chuma kimoja

Maji yalijaa alasiri tukavuka, tukalala Utende. Asubuhi nilimwonyesha ami kile chuma cha nyuma ambapo hufungwa mizigo, nikakitandikia gunia. Alikitazama sana.

"Nikianguka?"

"Utaanguka mchangani, ami."

"Na nisipoanguka?"

"Utafika kabla ya alasiri."

Akapanda kwa upande, miguu yote kushoto, kifurushi cha ubani kifuani na mchele mapajani, mkono mmoja umenishika mshipi kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. Mwanzo alisoma dua na kila aya anayoijua. Baadaye akanyamaza. Baadaye zaidi, tulipopata mteremko mdogo, nilimsikia anacheka peke yake, kicheko cha chini, cha mtu anayeona haya.

Lakini adabu zilinirudia maradufu. Ami alimjua kila mtu wa njia ile, na hakukubali kumpita mtu juu ya baiskeli. "Simama, yule alisoma na mimi chuoni." "Simama, yule mkewe alikuwa mgonjwa." Tunashuka, wanaamkiana, halafu anasema kwa sauti kubwa, "Na dada yangu hajambo! Msisikilize maneno!" Hata wasiokuwa wamesikia lolote wakapata habari kwamba hajambo, wakaanza kuuliza alikuwa na nini. Kiraka cha Faki nacho kilikuwa kinatoa upepo, nami natia, ami ananihesabia pumzi za bomba kana kwamba yeye ndiye anayechoka. Kiegeani Faki alitulisha kwa nguvu tena. Ami alisema pweza yule angeweza kuiva zaidi kidogo, akala sahani mbili.

Ndagoni nilishuka kabla ya nyumba ya kwanza, nikaikokota baiskeli kwa unyenyekevu mpaka kwa Mzee Kombo, nikapiga goti. Alinisamehe kwa kunipiga kofi jepesi la kisogoni, akamkumbatia ami, kisha akatusimulia.

"Tulikwenda Kisimani sote, wanaume na wanawake, tumebeba mchele na nazi. Wanawake wakaanza kulia toka minazini. Mlango ukafunguliwa, akatoka nani? Bi Mwanahawa. Kasimama na ufagio. 'Nani kafa?' kauliza. Hakuna aliyethubutu kumjibu! Mwisho nikasema, 'Bibi, tulisikia wewe.' Akanitukana matusi ambayo sijayasikia tangu utoto. Kisha akacheka, akatwambia mchele si wa kurudi nao, tukapika."

"Na mbona hamkuleta mtu Juani kukanusha?" akauliza ami.

Mzee Kombo akajikuna kidevu. "Nilitaka. Aliuliza, 'Juani mmepeleka habari?' Nikamwambia ngalawa imekwisha kwenda, lakini nitatuma nyingine sasa hivi iseme ni uongo. Akasema, 'Usitume.' Nikamwambia, 'Bibi, nduguyo atalia bure.' Akasema tena, 'Kombo, usitume.' Toka wakati huo amekaa mlangoni. Chakula analetewa hapo hapo."

Ami alikuwa anatazama mto, na taya lake linacheza. Niliogopa atageuka arudi. Mtego ni mtego, hata ukitegwa na dada. Nilipompelekea baiskeli apande, alikataa.

"Hapa nitakwenda kwa miguu yangu," akasema.

Kisimani

Tukatembea, ami mbele, mimi nyuma nakokota. Njia ile ya mto ambayo nilikuwa nimeipita kama mwana wa mfalme sasa ilikuwa ndefu, na sikutaka iishe, na nilitaka iishe.

Shangazi alikuwa mlangoni, juu ya kigoda, mikono mapajani. Sidhani alituona. Alisikia hatua, akainua uso, akatega sikio.

Ami alisimama mbele yake, mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama uwanja ni wake.

"Shikamoo, dada."

Shangazi hakuitikia. Alivuta hewa kwa pua.

"Ubani huo wa nani?"

"Wako."

"Basi upeleke ndani, tuuchome. Mimi ninuse mwenyewe, maana siku yenyewe sitaunusa." Sauti yake ilikuwa ngumu. "Umekuja kuzika, Shomari. Kuzika umekuja. Ungalijua niko hai ungalibaki kwako."

Nilitaka kusema. Ami alinizuia kwa mkono, bila kunigeukia.

"Niliambiwa uko hai jana," akasema, "ningali Juani. Mtoto huyu aliniambia mbele za watu, chombo kiko pwani hakijaelea. Nimepanda najua."

Mikono ya shangazi ilianza kupapasa kanga mapajani kana kwamba ameangusha kitu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na bado umekuja?"

"Bado nimekuja, dada."

Akainamisha uso. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona shangazi analia, hata siku alipofiwa na mumewe, na siku ile nilimwona. Alisogea juu ya kigoda, akaacha nafasi ndogo ambayo isingemtosha hata mtoto, akaipiga kwa kiganja.

"Marahaba," akasema.

Ami alikwenda akakaa chini ardhini, palipo karibu na miguu yake. Mimi niliipeleka baiskeli nyuma ya nyumba, nikajifanya natia upepo, nikatia na kutia mpaka nikasikia sauti zao zimepanda. Nikachungulia. Walikuwa wanabishana, wameshikana mikono, kuhusu lile beberu la mbuzi la babu, utotoni mwao, lililokula kanzu ya sikukuu ya Idi, kama lilikuwa jeupe au la madoa.